Mshika Kelele

Kazi yangu msimu huu ni kelele.
Nakaa kibandani juu, nyuma ya kioo,
barakoa kidevuni kwa kuwa niko peke yangu,
mbele yangu vitufe vinne na gurudumu moja:
minong'ono, shangwe, mazomeo, kishindo.
Ligi imeweka mpaka, desibeli sabini, usizidishe,
kana kwamba furaha nayo inaambukiza.

Jukwaa la magharibi limejaa watu wa kadibodi,
dola hamsini kwa sura, mapato ni ya bendi ya chuo
isiyopiga tena, maana tarumbeta ni pumzi
na pumzi ndiyo mshtakiwa.
Mvua ya Ijumaa imewalainisha.
Profesa Lindqvist wa kemia amekunjika kiunoni
kama anayetafuta funguo.
Mbwa wa akina Petrakis ana kiti chake, safu ya tisa;
kati ya wote hao, yeye tu ndiye anayefuatilia mchezo.

Juzi binti yangu Marit aliniuliza nani anajali.
Mechi tatu zimefutwa, mbili zimeahirishwa,
robo ya kikosi wamefungiwa hotelini
wakila chakula kinachoachwa mlangoni.
"Ukishinda namna hiyo, Baba, umemshinda nani?"
Nilimwambia aoshe vyombo.

Mcheza kwao hutunzwa.
Sawa. Hapa kwetu, Fenwick Falls,
katika baridi ya Oktoba ya Minnesota,
mtunzaji ni mimi, kwa kidole cha shahada,
dola kumi na nne kwa saa.

Kelele yenyewe ni ya mwaka ule tulipowapiga Marlow
kwa yadi moja, sekunde ya mwisho, watu elfu kumi na tisa.
Imekatwa, ikaungwa mkia kwa kichwa:
kila sekunde arobaini na saba inaanza upya.
Hakuna anayegundua.
Mimi nagundua, maana kwenye ya thelathini na moja
kuna kengele ya ng'ombe, mara mbili,
kisha kicheko kinachoishia kikohozi,
na huyo ni Dewitt, shemeji yangu, safu ya kumi na nne,
aliyetutoka Aprili kwenye wadi tusiyoruhusiwa kufika.
Tulimuaga kwa tableti
aliyoishika muuguzi mwenye glavu mbilimbili.
Fundi alisema kengele inafutika, dakika tano tu.
Nikasema nitaangalia.
Sijaangalia.

Leo, robo ya tatu, tuko nyuma kumi na saba kwa sita,
nikaondoa mkono kwenye gurudumu.
Makusudi au uchovu, msiniulize.
Uwanja ukabaki uchi.
Nikasikia nisichokisikia miaka ishirini na miwili:
kijana Whitcomb akihesabu kabla ya mpira kurushwa,
sauti ikimkatikia kwenye tatu;
mabega yakigongana kama milango ya ghala;
kunguru.
Halafu wawili chini, jezi nyeupe juu ya jezi ya kijani,
na yule wa juu, badala ya kujigamba:
"Mama yako je?"
"Jana wamemtoa kwenye mashine."
"Haya. Inuka."
Akamvuta mkono, wakarudi kila mtu kwenye mstari wake,
na mara iliyofuata akamwangusha vibaya zaidi.

Nilisimama. Sijui lini nilisimama.
Kiti kilikuwa kimeanguka nyuma yangu
na paji langu limegusa kioo,
mimi niliyekuwa nikibonyeza shangwe tangu Septemba
huku nikijaza fumbo la maneno la gazeti.

Simu ikatetemeka mezani.
Ni Marit, asiyejali, aliye nyumbani na vyombo vyake:
"Baba, mbona sisikii kengele ya mjomba?"

Nikarudisha mkono.
Sitini na tano. Sabini.
Sabini na moja, na mbili.
Ligi wakiuliza,
nitasema mvua ya Ijumaa iliingia kwenye mashine.